Ng'ombe wa Wajukuu

Jumanne, 26 Mei 2020

Simu thelathini na nne kabla ya saa sita mchana. Leo tumeanza kupokea maombi ya fedha za korona kwa wafugaji, na ofisi yetu ya kilimo ya kaunti bado imefungwa kwa wageni. Watu wanaegesha nje na kupiga simu wakiwa ndani ya magari yao, nami nawaona dirishani midomo ikicheza nyuma ya vioo. Wote wanauliza lile lile, nami nawajibu lile lile: machinjio yalifungwa wafanyakazi walipougua, bei ya ng'ombe ikaporomoka, sasa serikali inatoa pole kwa kila ng'ombe uliyekuwa naye kati ya katikati ya Aprili na katikati ya Mei. Unataja idadi, unatia saini kwamba ni wako, unangoja.

Corliss, mkuu wetu, aliniita kabla hata sijavua koti. "Rhonda, faili lolote lenye jina la Teague hulishiki, hulifungui, hata vumbi hulipangusi. Baba mkwe wako nitamhudumia mimi." Ndiyo sheria ya kazi yetu, hatugusi faili za ndugu. Nikamwambia vumbi la faili za humu sijawahi kulipangusa hata la watu baki.

Jioni nilimpa Baba somo. Baba ni Orval, baba yake mume wangu Lonnie, miaka themanini na mitatu, nyumba yake na yetu zinatenganishwa na bustani ya nyanya tu. "Baba, nisikilize. Corliss akikuuliza idadi, taja ng'ombe wako tu. Hata mmoja wa mtu mwingine usimtie. Wakaguzi watapita, na mwaka ule wa ukame jirani yetu Hershel Odom alizidisha idadi, akatozwa faini mpaka akauza trekta." Nilikuwa nawafikiria ndama sita wa huyo huyo Hershel ambao wanakula majani yetu tangu Machi.

"Nimekusikia, mwanangu," akasema, akaendelea kupaka siagi mkate wake wa mahindi.

Alhamisi, 28 Mei

Mvua. Majani hayajakatwa.

Jumanne, 2 Juni

Bado mvua. Lonnie ameifungua mashine ya kufunga majani marobota vipande vipande uani, na kuna vipande viwili ambavyo hajui vimetoka wapi.

Macy ameniambia leo, akiwa amenipa mgongo anaosha vyombo, kwamba chuo kikifunguliwa atarudi kumaliza mwaka mmoja tu uliobaki wa stashahada ya mifugo, kisha basi, anarudi nyumbani kufuga. Ni mtoto wetu wa pekee, ana miaka kumi na tisa. Korona ilimrudisha Machi, na tangu hapo sijamwona na uso ule wa uchovu aliokuwa akija nao likizo. Lonnie alijifanya anatafuta chumvi, lakini nilimwona machozi yakimlengalenga. Hesabu yetu ni rahisi: shamba lina deni la benki linalolipwa kila Desemba kwa madume tunayouza, zimebaki Desemba mbili. Tukizivuka, Macy anaanza pale babu yake alipoishia. Kwa bei za mwaka huu hatuvuki bila hizo fedha za korona. Namwomba Mungu kama mtu anayesoma orodha ya dukani, lakini namwomba.

Jumamosi, 6 Juni

Jua, hatimaye. Leo tumevisha ndama hereni, zile alama za plastiki za sikioni.

Naandika jinsi tunavyofanya, maana nimeolewa humu miaka ishirini na mitano na sijawahi kuona kwingine. Siku mjukuu anapozaliwa, Baba humpa mtamba mmoja. Majike yote atakayozaa mtamba huyo, na majike ya majike hayo, ni ya mtoto. Madume yanauzwa kulipia chakula na benki. Kila mtoto ana rangi yake ya hereni. Macy ni manjano, anao ishirini na wanane. Watoto watatu wa Wade, mdogo wake Lonnie anayeishi St. Louis, ni bluu, kijani na nyekundu, jumla yao arobaini. Za Baba mwenyewe nyeupe. Hakuna karatasi yoyote isipokuwa kijitabu anachokaa nacho mfuko wa shati, chenye kurasa za rangi rangi alizopaka kwa kalamu za watoto.

Macy alikuwa amekalia shingo ya ndama, babu yake ameshika koleo la hereni.

"Babu, wewe mbona huna hata ndama mmoja mwaka huu? Nyeupe zako zote vikongwe."

"Wanafanana na mwenye mali. Wanajua njia ya kwenda kunywa maji na njia ya kurudi. Shika sikio."

"Mitamba yote umegawa ukabaki na mabibi."

"Nimeoa mmoja tu maisha yangu yote, sasa nina kumi na mmoja. Shika sikio, nimesema!"

Tulicheka mpaka ndama akaponyoka.

Alhamisi, 11 Juni

Kuanzia leo namchukia mtu aliyebuni ofisi zisizo na milango.

Saa nne asubuhi Corliss alipiga simu kwa Baba kujaza fomu yake. Mimi nipo meza ya tatu. Sikusikiliza. Huo ni uongo, nilisikiliza mpaka shingo ikauma. Nilisikia Corliss akisema, "Kumi na mmoja?" Kimya. "Orval, ndio wote?" Kimya. "Haya. Kumi na mmoja." Mtu wa upande wa pili wa simu yangu alikuwa akinitajia nguruwe wake na sikuweza kuandika hata mmoja.

Nilipofika nyumbani sikuingia kwangu, nilikwenda moja kwa moja kwake. Alikuwa barazani anakata maharage mabichi.

"Baba, umesema ngapi?"

"Kumi na mmoja."

"Una ng'ombe sabini na tisa!"

"Nina kumi na mmoja. Si uliniambia hata mmoja wa mtu mwingine nisimtie?"

"Nilimaanisha ndama wa Hershel!"

"Hao nao sikuwatia."

Nikakaa kwenye ngazi. Nikamweleza kwa sauti ya ofisini, polepole: chakula unanunua wewe, daktari wa mifugo unamlipa wewe, wakiuzwa jina ni lako, kwa sheria wote sabini na tisa ni wako. Aliendelea kukata maharage, kila moja vipande vitatu. Alisema, "Mwanangu, hao watoto niliwapa." Nikasema najua uliwapa. Akasema, "Basi." Nimerudi kwangu nimemfokea Lonnie kuhusu vyuma vyake uani, wakati hakuwa na kosa.

Ni mimi. Nilimpa mtu asiyejua kudanganya onyo dhidi ya udanganyifu.

Ijumaa, 12 Juni

Nilimsogelea Corliss kwenye mashine ya kahawa, barakoa puani. "Hivi mtu akikosea idadi..."

"Rhonda, mimi si mtoto mdogo." Akatazama huku na huku. "Niliuliza mara mbili. Naruhusiwa kuuliza mara mbili. Ng'ombe wake nawapita kila siku nikija kazini, unadhani sioni? Lakini siwezi kumtia mtu neno mdomoni. Apige mwenyewe aseme hawa wote ni wangu, nabadilisha dakika hiyo hiyo. Mpaka mwisho wa Agosti."

Kwa hiyo mlango uko wazi. Kinachotakiwa ni Orval Teague aseme maneno manne.

Jumapili, 14 Juni

Ibada ilikuwa maegeshoni, kila familia garini mwake, mchungaji juu ya trela anasikika redioni. Badala ya kusema amina watu wanapiga honi. Baba nilimweka kiti cha mbele kwangu makusudi, na honi ya mwisho ilipolia nikafunga milango.

"Ni karatasi tu, Baba. Saini moja. Watoto hawatajua."

Alitazama mbele kwenye kioo. "Umefanya kazi ya karatasi miaka ishirini na miwili," akasema, "halafu unaniambia ni karatasi tu."

Nikaizima redio.

"Macy alipozaliwa," akaendelea, "Imogene alikuwa amemshika. Nilimwambia yule mtoto usoni kabisa, mtamba mwekundu mwenye doa ni wako na uzao wake. Imogene akasema, umesema mbele yangu, Orval. Sasa nikaandike serikalini kwamba nilikuwa natania?"

Mama mkwe wangu amefariki miaka tisa sasa, na bado ndiye shahidi wangu mgumu kuliko wote.

Jumamosi, 20 Juni

Joto. Marobota mia mbili na kumi na mawili. Mikono yangu haishiki kalamu vizuri.

Jumanne, 23 Juni

Macy aliamua kuomba mwenyewe. Alipiga simu kutoka maegeshoni, amevaa shati la kanisani kana kwamba Corliss angemwona. Sikupaswa kusikia, lakini Corliss alisahau, au hakusahau, kupunguza sauti ya spika.

"Chakula ulinunua wewe?" "Babu." "Malisho unalipia wewe?" "Ya Babu." "Umewahi kuuza hata mmoja kwa jina lako?" "Hapana." "Umewahi kulipa kodi kama mfugaji?" "Hapana. Lakini ni wangu, Mama Corliss. Muulize mtu yeyote." "Najua ni wako, binti yangu. Fomu ndiyo haijui."

Kwa hiyo kijitabu cha Baba kinasema ni wa watoto, fomu inasema ni wa Baba, na Baba ametia saini kwamba si wake. Ng'ombe sitini na wanane wako pale bondeni wanacheua, hawana mwenyewe anayeweza kulipwa kwa ajili yao.

Jumatano, 1 Julai

Siku kumi na moja bila tone. Vifuniko vya chupa za kuhifadhia nyanya hakuna kaunti nzima. Kila aliyefungiwa nyumbani ameamua kuwa mkulima.

Jumapili, 5 Julai

Nimemwandikia Wade. Lonnie alisema usifanye hivyo. Nikamwuliza yeye amefanya nini, akatoka kwenda kutazama matairi.

Wade sijawahi kumpenda, naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma. Ni msimamizi wa jiko la hoteli. Anakuja mara moja kwa mwaka, Novemba, sikukuu ya Shukrani ya kula bata mzinga, na viatu ambavyo hataki vikanyage chochote. Lakini baba yake humsikiliza kama mtu anavyomsikiliza mgeni. Nimemweleza yote: watoto wako wana ng'ombe arobaini, mwambie Baba unakubali awaandike kwa jina lake. Nimeandika kwa adabu, nimeifuta mara tatu, nimeituma.

Jumatatu, 6 Julai

Kimya.

Ijumaa, 10 Julai

Kimya. Malisho ya juu yamekuwa rangi ya sanduku la karatasi.

Jumanne, 14 Julai

Wade amepiga, akanipigia mimi.

"Shemeji, ulisema arobaini?"

"Arobaini."

"Mimi nilidhani ni watatu. Mmoja mmoja. Nilidhani ni mchezo wa Mzee na watoto." Nikasikia akifunga mlango upande wake. "Hoteli imefungwa tangu Machi, Rhonda. Sijamwambia mtu huko. Patrice wamempunguzia siku. Kodi ya nyumba tuko nyuma miezi mitatu. Nipe Mzee."

Nilipeleka simu ng'ambo ya bustani kama mtu aliyebeba sufuria ya moto. Baba alisikiliza amesimama, kofia kichwani. Mwishoni akasema, "Ni wao. Wewe ndiye baba yao. Ukisema wauzwe, watauzwa." Akanirudishia simu, akaniuliza kama nyanya za upande wa uzio zimeiva.

Arobaini kati ya sabini na tisa. Na mlango huo nimeufungua mimi, kwa mkono wangu, kwa adabu. Wade nimemwita humu majina ambayo nimeyafuta, kwa kuwa Mungu anasoma.

Ijumaa, 31 Julai

Wade amefika na watoto. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na hotuba nzima, niliifanyia mazoezi nikimenya viazi. Akashuka garini na suruali inamning'inia kiunoni, amekonda, na hotuba ikanipotea.

Hakuleta viatu vya kufanyia kazi. Amevaa vya zamani vya Lonnie na amekuwa zizini tangu saa tano, anatenganisha bluu na kijani na nyekundu, anapigwa mateke. Mtoto wake mdogo, Odette, ana miaka tisa. Baba alimshika mkono akampitisha kwa kila hereni nyekundu, anamwambia huyu alizaliwa kwenye theluji, huyu mama yake alikataa kumnyonyesha tukamlisha kwa chupa. Odette akauliza, "Babu, nao wakishauzwa watabaki na hereni zao?" Baba akasema ndiyo, kwa muda.

Nilimkuta Wade nyuma ya trela, uso ameufunika kwa barakoa na mikono yote miwili. Nikarudi nyuma taratibu nikatokea upande mwingine nikipiga kelele kuita watu chakulani, ili apate nafasi ya kujifuta.

Jumanne, 4 Agosti

Mnada. Safari hii wanaingia wanunuzi tu, wauzaji wanabaki magarini. Baba alikaa kwenye pikapu, kioo ameshusha, sauti ya dalali inatoka kwenye kipaza sauti cha nje. Hatukuona kitu. Tulisikia. Jike mwekundu, miaka minne, ana mimba, nani anaanza. Baba akataja jina lake kimya kimya. Jike mweusi, baka usoni. Akataja jina. Walikwenda wawili wawili, watatu watatu, bei za kusikitisha, dakika kumi na nne wote arobaini na ndama wao. Aliwapata wote majina isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyemsumbua njia nzima ya kurudi.

Hundi alimpa Wade bila kuitazama. Wade alijaribu kusema kitu, Baba akamfunga kifungo cha juu cha shati kama mtoto anayekwenda shule. "Nenda, Patrice anangoja."

Nilikuwa nikimwona Baba kama mtu mwema. Leo namwona hivyo na nataka kumtikisa mabega mpaka wema huo udondoke. Wema wake umewalipia kodi watu wa St. Louis na umemvua Macy nusu ya kundi, na yeye jioni amekula sahani mbili za maharage.

Jumatano, 12 Agosti

Mvua kubwa, siku nzima, sasa ambapo hakuna wa kula majani.

Alhamisi, 20 Agosti

Fedha za korona za Baba zimeingia. Za ng'ombe kumi na mmoja. Zimelipa umeme na kamba za marobota.

Ijumaa, 28 Agosti

Leo ilikuwa siku ya mwisho ya maombi, na mchana ikaja taarifa kwamba wameongeza wiki mbili. Nilipiga meza kwa furaha. Bado inawezekana! Wanachouliza ni Aprili, haijalishi kilichouzwa Agosti. Sabini na tisa bado ni sabini na tisa mtu akitaka.

Corliss alimpigia mwenyewe bila kuombwa. Sijui amevunja kanuni ngapi. "Orval, tumeongezewa muda. Una lolote la kuongeza kwenye fomu yako?"

Baba akasema, "Sina, Corliss. Zile nyanya ulizipata?"

Ijumaa, 11 Septemba

Naandika yote kwa kuwa nikilala bila kuandika nitaamka nimesahau nani alisema nini, na sitaki kumsingizia mtu.

Leo ndiyo mwisho wa zile wiki mbili, na ofisi inafunga saa kumi na nusu. Nilichukua ruhusa kuanzia saa nane, nikamkuta Macy tayari yuko kwa babu yake, wamekaa meza ya jikoni, kijitabu katikati yao kimefunguliwa kwenye kurasa za manjano. Lonnie amesimama mlangoni, kwa mara ya kwanza hatafuti kitu cha kutengeneza.

Macy alisema, "Babu, chukua. Nakurudishia wote ishirini na wanane. Wade naye amekubali wa watoto wake wahesabiwe. Sasa hivi, mbele ya baba yangu na Mama, ni wako. Piga simu."

Nikaweka mkoba chini. Alikuwa amefikiria jambo ambalo mimi na miaka yangu ishirini na miwili sikulifikiria. Hakuna anayenyang'anywa. Mtoto anatoa mwenyewe.

Baba alimtazama. Naona hakutegemea. Akavuta simu karibu, hata akanyanyua mkono wa simu. Kisha akauliza, "Fomu inauliza lini?"

"Aprili," nikasema, na papo hapo nikatamani kuurudisha ulimi.

"Macy. Aprili walikuwa wa nani?"

Sema wako, nikamwomba kimoyomoyo. Sema wako, Babu, nilikuwa natania tu. Mtoto alifungua mdomo akaufunga. Miaka kumi na tisa mtu huyu amemfundisha kufunga geti nyuma yake, kutompiga mnyama, kusema alichofanya hata kama amevunja dirisha.

"Walikuwa wangu," akasema.

"Basi," Baba akasema, akarudisha mkono wa simu mahali pake. Alifanya hivyo kwa upole kabisa.

Nilipiga kelele. Sioni aibu kuandika. Nilimwambia Baba kwamba anampenda yule mtoto wa kwenye kijitabu kuliko huyu aliyekaa mbele yake. Nilimwambia Macy kwamba neno moja lingetosha, neno moja tu. Lonnie akasema, "Rhonda," nikamwambia naye anyamaze, kunyamaza ndiko anakokuweza. Macy alikuwa analia na wakati huo huo anacheka, amemshika babu yake mkono uliojaa madoa, na nikajiona mimi ndiye mgeni pale jikoni.

Nilitazama saa ya ukutani ikifika saa kumi na nusu. Hakuna kilichobadilika. Friji ilinguruma tu, kama kawaida.

Nimewaomba radhi wote. Maneno niliyosema kwa Baba yalikuwa ya kweli, na ndiyo niliyoombea radhi zaidi.

Jumanne, 15 Septemba

Simu tatu tu ofisini. Corliss ameniletea keki ya tufaha, hakusema ya nini.

Jumapili, 27 Septemba

Lonnie na Baba wamekaa na kalamu tangu mchana. Madume yaliyobaki hayatoshi kwa benki, wala hayakaribii. Baba akasema basi wauzwe nyeupe. Lonnie alishampigia dalali: vikongwe kumi na mmoja kwa bei ya sasa hawafidii hata gharama ya lori.

Macy alikuwa anatoka kuwapa kuku maji. Akasema, "Uzeni manjano." Alisema kama mtu anayejitolea kwenda dukani. "Shamba likienda, hata ningekuwa na mia nitawaweka wapi?"

Hakuna aliyembishia, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Tulikuwa watu wazima watatu, na hatukuwa na la kumpa badala yake.

Jumanne, 6 Oktoba

Manjano wameondoka, na madume yaliyobaki pamoja nao; ndama wa Hershel walisharudi kwao. Macy aliwapandisha mwenyewe, alimkataa kila mtu. Mtamba wa doa wa kwanza, aliyekuwa bibi wa bibi zao, alikufa zamani, lakini watano wana doa lile lile. Benki imelipwa ya Desemba hii kabla ya wakati, wakatuandikia barua ya pongezi.

Ijumaa, 9 Oktoba

Macy amepata kazi kiwanda cha kuku, zamu ya mchana, anaanza Jumatatu. Chuo ameandikia kwamba ataona mwakani.

Jumanne, 20 Oktoba

Faili la Baba limechaguliwa kukaguliwa. Hakuna njama, kompyuta huchagua yenyewe. Mkaguzi alitoka kaunti nyingine, Bi. Lindell, binti mwenye ubao wa kuandikia na buti mpya. Corliss alinionya nisijitambulishe kama mtumishi, lakini alisema hakuna sheria inayomkataza mtu kusimama uani kwake. Nikasimama uani kwangu.

Baba alimpeleka mpaka kwenye uzio. Mkaguzi akahesabu kwa kidole, akarudia kutoka upande wa pili. Akaomba kumbukumbu za Aprili, Baba akatoa kijitabu, akamfungulia ukurasa wa nyeupe, akaushikilia kwa kidole gumba upepo usiugeuze.

"Kumi na mmoja kwenye fomu, kumi na mmoja kwenye daftari, kumi na mmoja malishoni," akasema Bi. Lindell. Alifurahi kweli, nilimwona macho juu ya barakoa. "Mzee Teague, nimezunguka kaunti nne. Huku nakuta mtu ameandika mia ana sitini, kule mtu anahesabu mpaka mbuzi wa jirani. Faili lako ndilo la kwanza linalolingana bila hata mmoja kupungua. Laiti wote wangekuwa kama wewe."

"Asante, mama," Baba akasema, akagusa ukingo wa kofia.

Macy alitoka ndani wakati huo anakwenda zamu, nywele amezifunga kwa wavu, buti nyeupe za mpira mkononi. Alitusalimia kwa kupunga mkono, akaingia garini.

Bi. Lindell alikuwa amebakiwa na mstari mmoja. Akausoma kama ulivyo, bila kuinua kichwa: "Je, kuna mtu mwingine yeyote mwenye mali katika kundi hili?"

Baba aligeuka kutazama barabara. Gari la Macy lilikuwa linarudi nyuma kuelekea getini. Akasubiri hadi likaingia barabarani.

"Hapana," akasema. "Hakuna."

Bi. Lindell akaandika hakuna, akamgeuzia ubao atie saini.